Ruta Yako Haijui Njia, Inamjua Jirani Tu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala simu mpya ya kuisifu. Nina kosa langu mwenyewe la kuungama, na nyuma ya kosa hilo kuna hoja ambayo imekuwa ikinizunguka kichwani kwa majuma kadhaa. Vuta kiti, maana nitaanza mbali kidogo.

Kuna zahanati moja ndogo niliyoiundia programu ya kuweka rekodi za wagonjwa. Programu yenyewe iko kwenye seva ya mbali, kwa hivyo bila intaneti karani wa mapokezi hawezi kufungua faili ya mtu yeyote. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu (au nilidhani hivyo), niliwashauri walipie laini mbili. Ya kwanza ya faiba, ya pili modemu inayotumia laini ya simu, ili moja ikizima nyingine ishike kazi. Nikaweka ruta katikati, nikaandika njia mbili za kutokea, kisha mbele ya kila mtu nikachomoa kebo ya faiba. Intaneti haikukatika hata kidogo. Wakafurahi, nikalipwa, nikaenda zangu.

Asubuhi moja simu ikalia saa mbili na nusu. Mtandao hakuna. Nikauliza kuhusu taa, nikaambiwa zote ni za kijani. Nikawaambia wazime wawashe, wakazima wakawasha, wapi! Nikapanda matatu. Kufika kwangu kulikuwa saa tano na ushei, na foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Wagonjwa walikuwa wakiandikwa kwenye daftari, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesubirishwa kwa sababu matokeo yake ya maabara ya juma lililopita yalikuwa ndani ya mfumo, na mfumo haufikiki.

Nikaenda kwenye ruta, nikachomoa ile kebo ya faiba kwa mkono. Sekunde chache baadaye faili zikaanza kufunguka.

Sista mkuu wa zahanati alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kijana wangu," akasema, "hii laini ya pili tunailipia kila mwezi. Tangu asubuhi ilikuwa ikifanya nini?"

"Ilikuwa ikisubiri kuitwa, Sista."

"Na nani alipaswa kuiita?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyepaswa kuiita, kwa sababu mimi sikumpa mtu wala chombo chochote kazi hiyo. Niliamini kwamba ruta "itachagua yenyewe". Na kweli ilichagua yenyewe! Ilichagua kwa kufuata kanuni zake hasa, na kanuni hizo haziulizi kama barabara inafika.

Haya, tuanze mwanzo. Ruta ni kisanduku kinachopokea pakiti za data na kuamua kila pakiti itoke upande upi. Wengi wetu tunaiwazia kama dereva mwenye ramani ya dunia nzima. Si hivyo. Mfikirie muuza duka aliye karibu na steji ya matatu. Ukimuuliza nyumba ya fundi cherehani wa mtaa huo, atakuelekeza mlango kwa mlango. Ukimuuliza mtaa wa pili, atakuonyesha barabara ya kufuata. Ukimuuliza Lodwar, atakwambia, "Panda gari la mjini, ukifika huko utauliza." Yeye hajawahi kufika Lodwar wala hajui njia yake. Anajua tu kwamba mjini kuna watu wanaojua zaidi yake.

Hilo jibu la tatu ndilo njia ya chaguo-msingi. Kwenye jedwali la ruta huandikwa 0.0.0.0/0, na kwa anwani za IPv6 huandikwa ::/0. Nambari iliyo baada ya mkwaju inasema ni biti ngapi za mwanzo wa anwani ambazo lazima zilingane. Zikiwa sufuri, basi hakuna kinachohitaji kulingana, na kwa hivyo kila anwani duniani inakubalika. Ni kama kusema: "Yeyote nisiyemjua, mpelekeni kwa jirani yule."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Njia ya chaguo-msingi haishindi kwa sababu ni muhimu. Hushinda pale tu ambapo hakuna nyingine inayofaa. Chukua pakiti inayokwenda 10.20.5.7, na jedwali lenye mistari mitatu: 10.20.5.0/24, kisha 10.0.0.0/8, kisha 0.0.0.0/0. Mistari yote mitatu inaikubali pakiti hiyo. Ruta huchagua ule unaolingana kwa biti nyingi zaidi, yaani wa /24. Usipokuwepo, huchukua wa /8. Ule wa sufuri ndio wa mwisho kabisa. Kanuni hii haina upendeleo wala rushwa. Aliye mahususi zaidi ndiye anayepewa kazi.

Wajanja wa OpenVPN waliielewa kanuni hii vizuri sana. Programu hiyo inapotaka kuvuta safari zote za kompyuta yako zipite kwenye handaki lake, inaweza kufanya hivyo bila kuifuta njia yako ya zamani. Huongeza mistari miwili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1. Kila mmoja unafunika nusu ya dunia, na kwa kuwa biti moja ni zaidi ya sufuri, yote miwili inaishinda njia ya chaguo-msingi iliyokuwepo. Ukizima handaki, mistari hiyo inaondoka na njia ya zamani inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilipoelewa ujanja huo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini zahanati yangu haikuwa na tatizo la nani ni mahususi zaidi. Ilikuwa na njia mbili za chaguo-msingi, zote za /0, zimelingana kabisa. Ukiwa na Linux, andika ip route utaona kitu kama hiki:

default via 192.168.1.1 dev eth0 metric 100
default via 192.168.8.1 dev eth1 metric 600

Wa juu ni faiba, wa chini ni modemu. Hiyo nambari ya mwisho ndiyo inayoamua, na yenye nambari ndogo ndiye mshindi. Sasa niulize: hiyo 100 ni nini? Ni kasi? Ni umbali? Ni afya ya laini? Hapana. Ni nambari niliyoiandika mimi. Ruta haikuipima popote. Ningeandika 5 au 5000, ingenitii vilevile.

Kwenye ruta kubwa kuna ngazi nyingine kabla ya hiyo. Ikiwa njia ileile imeletwa na wapasha habari wawili tofauti, ruta kwanza hutazama ni nani anayeaminika zaidi. Kwa Cisco, njia iliyoandikwa kwa mkono ina alama 1, inayoletwa na BGP kutoka mtandao wa nje ina 20, ya OSPF ina 110, ya RIP ina 120. Alama ndogo ndiyo imani kubwa. Nenda kwa Juniper utakuta hesabu nyingine. Ya mkono ni 5, ya OSPF ya ndani ni 10, na ya BGP ni 170. Tazama hapo! Cisco inaiamini BGP ya nje kuliko OSPF, Juniper inafanya kinyume. Kwa hivyo anayedhani kwamba ruta "inajua" njia iliyo bora ajue kwamba hayo ni maoni ya watu waliokaa kiwandani, wasiojua zahanati yako iko mlima gani. Maoni yao huenda ni mazuri kwa wengi. Bado ni maoni tu.

Na hiyo njia yenyewe hutoka wapi? Wakati mwingine unaiandika kwa mkono. Nyumbani kwako huletwa na DHCP. Kompyuta inapojiunga na mtandao huuliza kwa sauti, "Nani atanipa anwani?" na anayejibu huongeza, "Na lango la kutokea ni mimi." Kwenye IPv6 ruta hujitangaza zenyewe, tena zinaweza kujipa cheo cha juu, cha kati au cha chini. Hakuna anayedai kitambulisho. Ndiyo maana ofisi nzima inaweza kupotea hewani siku mtu anapoleta kiruta chake cha nyumbani na kukichomeka ukutani ili apate Wi-Fi nzuri mezani kwake. Kiruta hicho huanza kugawa anwani na kujitangaza kuwa lango, na kompyuta nyingi hukubali jibu la kwanza kufika. Nimewahi kumsaka mgeni wa aina hiyo kwa siku nzima, nikamkuta nyuma ya kabati la faili, taa zake zikimetameta kwa furaha. Vifaa vya kuzuia jambo hilo vipo, swichi nzuri zinaweza kukataa majibu ya DHCP kutoka kwenye mlango usioidhinishwa. Ila lazima mtu awashe kipengele hicho.

Turudi kwa Sista na swali lake. Ile faiba ilikufa wapi? Haikufa pale zahanati. Kebo kutoka ruta yangu hadi kisanduku cha faiba ukutani ilikuwa nzima, ndiyo maana taa zilikuwa za kijani. Kilichokatika kilikuwa mbali, huko kwa mtoa huduma. Ruta yangu ilitazama jirani yake wa kwanza, ikamwona yuko hai, ikaendelea kumpelekea pakiti zote. Jirani akazipokea, akazitupa. Kwa saa zaidi ya mbili!

Na lile jaribio langu la kuchomoa kebo lilikuwa limepima kifo cha aina nyingine kabisa. Ukichomoa kebo kwenye ruta, ruta yenyewe huhisi kwamba mlango umezimika na huiondoa njia inayopita hapo, ikabaki ile ya 600. Ndiyo maana siku ile ilifanya kazi vizuri, na ndiyo maana hata siku ya msiba dawa ilikuwa kuchomoa kebo ileile. Nilijaribu kifo ambacho ni nadra kutokea, nikaacha kile kinachotokea kila mara. Mfundi mwenzangu, kama na wewe umewahi "kujaribu" laini ya akiba kwa kuchomoa waya ulio karibu na mkono wako, tuko pamoja.

Hoja yangu ya leo ni hii basi. Njia ya chaguo-msingi ni uamuzi wa kumwamini mtu, na anayekabidhi imani hiyo awe ni binadamu aliyefikiri, kisha aweke mlinzi wa kuikagua. Kuandika mistari miwili si kuwa na akiba.

Na msidhani hili ni jambo la vizahanati tu. Nchi yetu nzima iliwahi kuishi hivyo. Kabla ya kebo za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, watoa huduma wa Kenya walitegemea setilaiti kutokea nje. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya chaguo-msingi inayoelekea angani, hadi ng'ambo. Wewe ukiwa mteja wa kampuni moja Nairobi na rafiki yako mteja wa kampuni nyingine mtaa wa pili, barua pepe yako kwake ilisafiri hadi ng'ambo kisha ikarudi. Piga hesabu. Setilaiti hizo hukaa kilomita kama 36,000 juu yetu, kwa hivyo kupanda na kushuka mara moja ni robo sekunde hivi. Pakiti ipande na kushuka kwenda ng'ambo, ipande na kushuka kurudi Nairobi, na jibu lifanye vivyo hivyo. Hiyo ni karibu sekunde nzima, kwa watu wanaoweza kupungiana mikono dirishani. Na kila biti ililipiwa fedha za kigeni.

Watoa huduma hao, kupitia chama chao cha TESPOK, wakaanzisha KIXP mwezi Novemba 2000, mahali pa kukutanisha mitandao yao papa hapa Nairobi. Mwezi uliofuata mdhibiti aliamuru ifungwe, baada ya Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya ukiritimba, kulalamika. Ilifunguliwa tena Februari 2002.

Kinachonifurahisha mimi kama mtu wa kompyuta ni namna suluhisho lenyewe lilivyo. Hawakuhitaji kufuta njia ya chaguo-msingi. Iliendelea kuelekea ng'ambo kama zamani. Walichofanya ni kuambizana kwa BGP, "anwani hizi ziko kwangu." Mistari mahususi ikaingia kwenye jedwali, na kwa ile kanuni ya biti nyingi pakiti ya jirani ikaanza kukata kona hapa nyumbani badala ya kupanda angani. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini kumuuliza mtu wa ng'ambo njia ya kwenda kwa jirani yako, kwa miaka, hilo sasa ni jambo jingine.

Najua kuna mtu ataniambia, "Basi futa njia ya chaguo-msingi, jifunze njia zote." Mitandao mikubwa kabisa ya dunia hufanya hivyo. Haina mstari wa sufuri hata mmoja, na anwani isiyokuwepo kwenye jedwali hukataliwa hapohapo. Ila jedwali hilo leo lina njia karibu milioni moja za IPv4. Tarehe 12 Agosti 2014 lilipovuka kiasi cha 512,000, ruta nyingi za zamani zilizokuwa na kikomo hicho kwenye kumbukumbu yao zilizidiwa, na mitandao kadhaa ikayumba. Kiruta cha zahanati hakiwezi mzigo huo wala hakiuhitaji. Mdogo hana budi kumtegemea mkubwa. Suala ni anamtegemea vipi.

Wa pili atasema, "Kitu kinachofanya kazi usikiguse." Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu ulinzi nao una gharama zake. Ukiweka ukaguzi wa kuuliza anwani moja tu, siku anwani hiyo ikilala utahama laini bure. Ukikagua kwa pupa, laini inayokohoa kidogo itakufanya uruke huku na huku kama panzi, na kila unaporuka anwani yako ya nje hubadilika na mawasiliano yaliyokuwa wazi hukatika. Karani aliyekuwa katikati ya kuhifadhi fomu ataanza upya. Yote hayo ni kweli. Lakini "inafanya kazi" ilikuwa kauli yangu pia, hadi saa mbili na nusu ya asubuhi ile.

Kwa hivyo nimefanya nini? Ruta ile nimeiwekea mwan3, programu ya OpenWrt inayokagua laini zaidi ya moja. Nimeipa anwani tatu za mbali zinazomilikiwa na watu tofauti, na haisemi laini imekufa mpaka zote zinyamaze mara kadhaa mfululizo. Wenye MikroTik wanacho kipengele cha check-gateway, lakini kuweni waangalifu. Hicho hukagua jirani wa kwanza tu, na jirani wangu mimi alikuwa mzima wa afya huku akitupa pakiti zangu. Lazima ukaguzi uvuke hapo. Wenye Cisco wana IP SLA ya kufanya kazi hiyohiyo. Laini inaporudi, ruta inangoja kidogo kuona kama imetulia kabla ya kuhamia tena. Na kila inapohama, mimi na karani tunapata ujumbe, maana akiba inayotumika kimyakimya humaliza bando kimyakimya.

Halafu nikajaribu upya, safari hii kwa njia ya haki. Sikugusa kebo ya ruta. Nilichomoa ule uzi mwembamba wa faiba unaoingia kwenye kisanduku cha ukutani, taa ya upande wangu ikabaki kijani, nikahesabu. Nusu dakika hivi, laini ya pili ikaitwa. Sista alikuwa amesimama palepale na saa yake mkononi. Hakupiga makofi. Aliuliza, "Na hii ya pili nayo ikifa?"

Nikamwambia ukweli: daftari. Nimewachapia fomu za karatasi zenye mpangilio uleule wa skrini, ziko kwenye droo ya mapokezi, na karani anajua kuziingiza baadaye. Hapo ndipo akatikisa kichwa kukubali.

Nawe msomaji, kabla hujafunga kompyuta yako leo, fanya jambo moja. Kama una Linux andika ip route, kama una Windows andika route print. Tafuta mstari wa 0.0.0.0 ama ulioandikwa default. Jiulize ni nani aliyeuweka hapo, na jirani huyo unayempelekea kila kitu chako akianza kutupa pakiti huku taa ni ya kijani, nani atajua. Kama jibu ni "sijui", basi umenikuta nilipokuwa. Sogea tusaidiane.

Mpaka siku nyingine, kwaherini.